Mtaalamu wa Usemi Shuleni: Kwa Nini Lamu Ianzie Chekechea

Mtoto anayefika Gredi ya Pili bila kuweza kusimulia alichokifanya jana hupewa majina mengi kabla hajapewa msaada wowote. Nyumbani huitwa mvivu wa kunena, shuleni huitwa mzito, na katika ripoti ya tathmini, kwenye mada ya kusikiliza na kuzungumza, huandikiwa kwamba yuko mbali na matarajio, jambo ambalo mwalimu na mzazi walilijua tangu zamani. Anayekosekana ni mtu ambaye kazi yake ni kueleza kwa nini mtoto huyo hasemi kama wenzake, na mwalimu afanye nini Jumatatu asubuhi atakapokuwa naye tena darasani. Mtu huyo ni mtaalamu wa usemi na lugha. Swali ninalolishughulikia hapa ni mahali pa kumweka: hospitalini, katika shule ya msingi, au, kama ninavyoshikilia, katika chekechea, ambako serikali ya Kaunti ya Lamu ina mamlaka ya kumwajiri bila kungoja ruhusa ya mtu mwingine.

Kwanza kazi yenyewe, kwa sababu inaeleweka nusu. Ukitaja matatizo ya usemi, wengi hufikiria kithembe, kitata na kigugumizi, yaani mambo yanayosikika. Hayo yamo katika kazi, na mtoto anayechekwa kila anapofungua kinywa anastahili kusaidiwa. Lakini sehemu kubwa ya kazi ya shuleni haisikiki kwa urahisi. Wako watoto wanaotamka kila sauti vizuri, masikio yao ni mazima, akili zao hazina kasoro, ila lugha yenyewe haiwaingii kama inavyowaingia wenzao: msamiati ni mchache, sentensi ni fupi, maelekezo yenye hatua mbili huwapotea njiani, na kisa hawawezi kukipanga kikaeleweka. Mwaka 1997 Bruce Tomblin na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wao katika majimbo ya Iowa na Illinois, Marekani, yaliyoonyesha kwamba asilimia 7.4 ya watoto wa umri wa chekechea walikuwa na tatizo hilo la ukuaji wa lugha, na uchunguzi mwingine uliochapishwa Uingereza mwaka 2016 ulipata kiwango kinachokaribiana sana na hicho. Kiwango kama hicho katika darasa la watoto 40 ni watoto wawili au watatu. Kwa upande wetu wa pwani kuna sababu ya kuhofia kwamba mzigo si mwepesi zaidi, kwa maana watafiti walioko Kilifi wameonyesha kwa miaka mingi kwamba malaria iliyopanda kichwani huwaachia baadhi ya watoto waliopona upungufu wa lugha unaodumu.

Ukiongeza watoto wenye usonji, wenye mtindio wa ubongo, waliozaliwa na kaakaa lililopasuka na wale ambao sikio linalotoa usaha limewanyima nusu ya maneno wanayoambiwa, utaona kwamba mtaalamu huyu hana haja ya kutafuta kazi. Swali lake la kwanza kwa kila mtoto ni la masikio, na mara nyingine linakuwa ndilo la mwisho.

Hapa Lamu kuna kipingamizi cha kugundua mapema ambacho vitabu vya fani havikitaji, nacho kinatokana na jambo tunalojivunia. Mtoto wetu huanza chuo, yaani madrasa, akiwa mdogo, na chuoni husoma kwa sauti, pamoja na wenzake, kwa mahadhi. Mwenye kigugumizi akisoma kwa pamoja na wengine, kigugumizi hupungua mno au hutoweka kabisa, na hilo limethibitishwa kwa watu wa lugha nyingi. Basi mzazi humsikia mwanawe akitiririka chuoni adhuhuri, kisha humsikia akikwama kwenye neno moja mbele ya mwalimu wa shule, na huhitimisha kwamba kijana ana dharau au anaogopa shule. Nimekaa na baba mmoja aliyekuwa na hakika hiyo. "Maalim amenipa habari zake, chuoni hana tatizo," alisema, na maalim hakusema uongo. Tulimwomba kijana asome sura ile ile peke yake, kisha aeleze kwa maneno yake mwenyewe alikotoka asubuhi ile. Sura aliipita kwa kujikwaa kidogo, na maelezo yakamkatalia kwenye neno la pili. Baba alinyamaza, kisha akauliza swali zuri kuliko yote niliyosikia mwaka ule: kama kusoma na wenzake kunamsaidia, shuleni kwa nini husomeshwa peke yake?

Kwa mtoto mwenye tatizo la lugha, uficho ni mkubwa zaidi. Kuhifadhi ni kazi ya kumbukumbu na sikio, na mtoto anaweza kuhifadhi vizuri lugha asiyoielewa, kama wanavyofanya watoto wote wa chuoni wasiojua Kiarabu. Kinachomshinda mtoto huyu ni kuunda sentensi yake mwenyewe, na chuoni haombwi kuiunda. Hata hivyo maalim ndiye mwenye sikio kali kuliko sote. Elimu ya tajwidi, yaani kanuni za kuitamka Qur'ani, imempa ramani ya mahali ambapo kila herufi hutoka, kooni, ulimini, midomoni na puani, na anaposikiliza ubao wa mtoto mmoja mmoja husikia kosa ambalo mwalimu mwenye watoto 50 hawezi kulisikia. Mtaalamu atakayekuja Lamu akampita maalim amejinyima mshirika. Wazazi nao wamekuwa wakifanya waliloweza: humsomea mtoto dua ya Nabii Musa, na wengine humpeleka akakatwe uzi wa chini ya ulimi. La kwanza halina dhara kwa yeyote. La pili huumiza bure mara nyingi, kwa kuwa uzi huo si chanzo cha mtoto kuchelewa kujua lugha.

Sasa nifike kwenye lahaja, ambako naona hatari kubwa kuliko zote. Tuseme mtaalamu ameletwa, amehitimu vizuri, na amekuja na kadi za picha za kupimia matamshi ya Kiswahili. Anamwonyesha mtoto wa miaka mitano wa mtaa wa Langoni picha ya chupa, na mtoto anasema "tupa". Picha ya macho, anasema "mato". Picha ya mchele, anasema "mtele". Mtaalamu anaandika kwamba mtoto huyu anaibadilisha sauti ya ch kuwa t, na uandishi wake una msingi, kwa sababu watoto wadogo katika lugha nyingi hufanya hivyo hivyo kabla ulimi haujakomaa, na akiendelea hivyo kupita umri fulani huhesabiwa kuwa na tatizo. Lakini mtoto wa Langoni amesema Kiamu safi, lahaja ya Lamu, kama alivyosema mamake na nyanyake. Watoto kumi watakaofuata watasema vile vile, na kufikia jioni mtaalamu atakuwa na orodha ya wagonjwa ambao ugonjwa wao ni kuzaliwa Lamu.

Kosa la upande wa pili ni baya zaidi, kwa kuwa halionekani. Mtaalamu aliyeonywa kwamba watu wa Lamu husema t mahali pa ch anaweza kuamua kuipuuza sauti hiyo kabisa, akisema hiyo ni lahaja yao. Lakini Kiamu hakiigeuzi kila ch. Chai ni chai, na chuo ni chuo. Mtoto anayesema "tai" akitaka chai, na kusema kwamba anakwenda "tuoni", huyo hasemi Kiamu. Ulimi wake una shida, na anahitaji kusaidiwa. Katika sauti ile ile moja, neno moja ni ushahidi wa malezi na neno jingine ni ushahidi wa tatizo, na anayeweza kuzitenganisha ni mtu aliyeijua lahaja kwa ndani au aliyekaa na mwenyeji wake. Ukivuka kwenda Faza na Kizingitini, kanuni hubadilika tena, kwa kuwa Mbajuni husema "chachu" kwa tatu na kasoro ya mtoto wa Kiamu huweza kuwa usahihi wa mtoto wa Kibajuni. Huko Mpeketoni watoto wengi husikia Kikuyu nyumbani, Witu kuna Waorma, na Basuba kuna Waaweer, ambao lugha yao haina udugu na Kiswahili. Kusikia lugha mbili au tatu hakumletei mtoto tatizo la lugha, jambo ambalo hulazimu kurudiwa mara kwa mara kwa sababu hata walimu waliosoma huwashauri wazazi waache lugha ya nyumbani.

Wamarekani waliligundua kosa hili kwa njia ya mahakama. Mwaka 1977, katika mji wa Ann Arbor jimboni Michigan, familia za watoto weusi wa shule ya msingi ya Martin Luther King Junior ziliishtaki wilaya ya elimu, na moja ya malalamiko yao ni kwamba watoto walikuwa wakihesabiwa kuwa na kasoro ilhali walikuwa wakizungumza Kiingereza cha nyumbani kwao. Mwaka 1979 Jaji Charles Joiner aliiamuru wilaya iwafundishe walimu kuitambua lugha hiyo ya nyumbani na kuizingatia wanapofundisha kusoma. Miaka minne baadaye, mwaka 1983, chama cha wataalamu wa usemi, lugha na usikivu cha Marekani kilitoa msimamo rasmi kwamba hakuna lahaja ya Kiingereza iliyo ugonjwa. Sisi hatuna haja ya kwenda mahakamani ili tujifunze hilo. Hata hivyo tunafundisha kwa vitabu vya Kiswahili sanifu, kilichojengwa juu ya Kiunguja baada ya mkutano wa Mombasa wa 1928, katika mji ambao Kiswahili chake kina historia ndefu ya utenzi, na mtoto wetu husahihishwa "mato" yake kila siku. Kumfundisha sanifu ni wajibu wa shule. Kumwandikia kwamba ulimi wake una kasoro kwa sababu bado hajaijua ni kumdhulumu.

Ugumu ni kwamba vipimo vya kuaminika vya Kiswahili ni vichache. Mwaka 2015 Nazreen Gangji, Michelle Pascoe na Mantoa Smouse walichapisha takwimu za awali za ukuaji wa matamshi ya watoto wa Tanzania wa umri wa chekechea. Mwaka huo huo Katie Alcock na wenzake wa Kilifi walieleza jinsi walivyotengeneza orodha za kupima msamiati wa watoto wadogo kwa Kigiriama na Kiswahili kwa kuwahoji wazazi, wakiwemo wasiojua kusoma. Kabla yao, Kamil Ud Deen alikuwa amechunguza Kiswahili cha watoto wadogo wa Nairobi na kuona jinsi wanavyoacha viambishi vya mwanzo wa kitenzi. Kazi hizi ni za thamani, na ile ya Kilifi ni ya majirani zetu, lakini Dar es Salaam si Lamu, na Nairobi ni mbali zaidi, kwani huko hata watu wazima huviacha baadhi ya viambishi ambavyo bibi wa Lamu hawezi kuviacha hata akiwa usingizini. Kwa hiyo kipimo cha watoto wa Kiamu na wa Kibajuni lazima kiundwe hapa, na kuundwa kwake kunataka mtu anayekaa na watoto wengi wa kawaida, siku nyingi, akiandika wanavyosema. Mtu wa hospitalini hatakiunda, kwa kuwa watoto wa kawaida hawapelekwi hospitali kusikilizwa wanavyozungumza.

Kabla kipimo hakijapatikana, kazi haisimami. Ipo njia ambayo wataalamu huitumia wanapokosa vipimo vya lugha ya mtoto, nayo ni kumpima, kumfundisha, kisha kumpima tena. Mtoto ambaye hakuwahi kuliona jambo atalishika akifundishwa mara chache. Mwenye tatizo la lugha atahitaji marudio mengi, na kesho yake nusu itakuwa imemtoka. Mtaalamu anaweza kubuni kisa cha punda aliyekataa kupanda mashua, akakisimulia, akamtaka mtoto akirudie, akamwonyesha jinsi kisa kinavyopangwa, kisha akampa kisa kingine. Anachokitafuta ni jinsi mtoto anavyojifunza, na hicho hakitegemei mtoto alikuwa akisema mato au macho. Pia kuna swali la kumwuliza mama ambalo kwangu lina uzito kuliko kadi nyingi: ndugu zake walipokuwa na umri huu, walikuwa wakisema kama yeye? Mama wa watoto watano ana kipimo chake mwenyewe, na hakosei sana.

Nani basi amwajiri? Hapa watu hukimbilia mfano wa Marekani, na una mengi ya kufundisha, mazuri na mabaya. Sheria ya mwaka 1975, ambayo tangu 1990 inajulikana kwa jina la IDEA, iliilazimisha kila wilaya ya elimu kumpa mtoto mwenye ulemavu elimu inayomfaa bila malipo, na huduma ya usemi na lugha ikawa sehemu ya wajibu huo. Ndiyo maana zaidi ya nusu ya wataalamu wa usemi wa Marekani hufanya kazi katika elimu. Wajibu wa kisheria ndio kitu cha kuchukua kutoka kwao. Cha kuacha ni utaratibu uliokua juu yake. Mtoto hapewi msaada mpaka athibitishwe kuwa na kasoro na aandikiwe mpango wake binafsi wa elimu, na hilo limezaa makaratasi yanayokula muda wa mtaalamu. Katika uchunguzi wa chama chao wa 2022, mtaalamu wa kati, mwenye nusu ya wenzake juu yake na nusu chini yake kwa idadi, alikuwa na watoto 48 kwenye orodha yake, wengi wao wakitolewa darasani kwa nusu saa, mara moja au mbili kwa wiki, kisha wakirudishwa kwa mwalimu ambaye hakujua walichofanya. Chama hicho chenyewe kimekuwa kikitaka mzigo wa kazi upimwe kwa kazi yote mtaalamu anayoifanya badala ya kuhesabu vichwa. Uingereza wameshika njia nyingine, ambako wataalamu wengi wanaowahudumia watoto wa shule ni waajiriwa wa huduma ya afya wanaokwenda shuleni kama wageni, na lawama ya huko ni kwamba afya na elimu hurushiana gharama.

Sisi tunaweza kurithi kasoro zote mbili kwa pamoja. Nyongeza ya Nne ya Katiba ya 2010 imeiachia serikali ya kitaifa shule za msingi na elimu maalumu, na huduma za afya za mahali imezipa kaunti. Tume ya Kuajiri Walimu huajiri walimu, na mtaalamu wa usemi si mwalimu, kwa hiyo hana nafasi katika orodha yake. Kaunti inaweza kumwajiri kama mfanyakazi wa afya, lakini shule ya msingi si ya kaunti, naye akiingia huingia kwa hisani ya mwalimu mkuu. Vituo vya kuwatathmini watoto wenye mahitaji maalumu vipo tangu 1984, na Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kasarani imekuwa ikiwafunza walimu tangu 1986. Watumishi wa vituo hivyo ni walimu, na kazi yao kubwa imekuwa kutathmini na kuelekeza. Mtoto huelekezwa. Anakoelekezwa, mara nyingi, hakuna mtu.

Nyongeza hiyo hiyo ya Nne, hata hivyo, imeipa kaunti elimu ya chekechea. Kwa mtoto wa miaka minne na mitano, afya yake na elimu yake ziko chini ya serikali moja, bajeti moja na bunge moja la kaunti. Ule mpasuko kati ya wizara mbili, ambao Waingereza wanaulalamikia, haupo katika miaka hiyo miwili. Gavana hahitaji kumwandikia waziri barua. Na miaka hiyo ndiyo bora kwa kazi yenyewe: kigugumizi cha utotoni huanza zaidi kati ya miaka miwili na mitano, na wengi hupona, kwa hiyo kinachotakiwa ni mtu wa kufuatilia nani haponi, nalo tatizo la lugha likishughulikiwa kabla ya kusoma hupunguza anguko la Gredi ya Kwanza. Sioni kwa nini kaunti zinazojenga madarasa ya chekechea, zikakata utepe na kupigwa picha, zisitenge mshahara wa mtu mmoja atakayewasikiliza watoto walio ndani ya madarasa hayo.

Wapo watakaosema kwamba mtu mmoja hatoshi, na ni kweli. Sensa ya 2019 iliwahesabu watu 143,920 katika Kaunti ya Lamu, wametawanyika bara na visiwani. Safari ya Pate na Faza hupita Mkanda, mkondo mwembamba wa bahari, na maji yakipwa vyombo vikubwa havipiti. Mtaalamu anayetaka kufika Kizingitini hupanga ratiba yake kwa bamvua na maji mafu kwanza, na kwa kengele ya shule baadaye. Kumpa mtu huyo orodha ya watoto 48 wa kuwatoa darasani mara mbili kwa wiki ni kumwandikia kushindwa kabla hajaanza. Ndiyo sababu nasema utaratibu wa orodha uachwe. Kazi yake iwe kwa walimu wa chekechea. Afike shule moja, akae siku mbili tatu mfululizo, asikilize darasa zima, amwonyeshe mwalimu namna ya kumsubiri mwenye kigugumizi bila kummalizia neno, namna ya kulirudia jibu la mtoto kwa sentensi kamili bila kumkosoa, namna ya kutoa maelekezo kwa hatua moja moja huku akionyesha kwa mkono, na namna ya kusomesha kwa pamoja yule anayekwama akiwa peke yake, kama alivyouliza yule baba. Mambo haya humfaa kila mtoto, hata asiye na tatizo, kwa hiyo hakuna anayehitaji kuandikwa jina wala kuonewa haya na majirani. Wachache watakaobaki nyuma baada ya hayo ndio wa kuhudumiwa mmoja mmoja.

Miongoni mwao wamo watoto ambao hawatasema kwa kinywa kamwe, au watasema kidogo. Katiba, kifungu cha 54, inawapa haki ya kutumia lugha ya ishara, breli au njia nyingine zinazofaa za mawasiliano, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025 imechukua nafasi ya ile ya 2003. Tukitajiwa njia nyingine huwa tunawaza tableti zenye sauti, na wafadhili hupenda kuzileta, ijapokuwa sijaona tableti inayostahimili chumvi na mchanga wa Lamu kwa muda mrefu. Kilifi, Karen Bunning, Joseph Gona na wenzao walionyesha jambo lililo karibu nasi zaidi: waliwatembelea watoto nyumbani na kuwafunza walezi kutumia ishara, picha na vitu vya nyumbani kama njia ya mawasiliano, na walezi wenyewe walieleza mabadiliko waliyoyaona kwa watoto wao. Kikombe kinachoonyeshwa kwa maana ya kiu hakihitaji chaji.

Pingamizi la uhaba wa wataalamu lina nguvu zaidi kuliko la fedha. Kwa miaka mingi Wakenya waliotaka fani hii walilazimika kwenda nje, na shahada ya Chuo Kikuu cha Makerere, iliyoanzishwa mwaka 2008, ndiyo iliyofungua mlango kwa Afrika Mashariki. Waliohitimu hukaa mijini, ambako kuna hospitali za binafsi na wazazi wanaoweza kulipa. Sitegemei kwamba tangazo la kazi litamvuta mmoja wao aje Lamu akae miaka kumi. Njia yenye matumaini ni kaunti kumlipia masomo kijana wa hapa, au wawili, mmoja wa Kiamu na mmoja wa Kibajuni, kwa mkataba wa kurudi, kwa sababu tumekwisha kuona kwamba sehemu ngumu ya kazi hii, ile ya kutofautisha "tupa" na "tuo", haifundishwi Kampala. Aliyezaliwa nayo atafundishwa yaliyobaki.

Limebaki tatizo moja ambalo hoja yangu mwenyewe inalileta. Mtoto akitimiza miaka sita huiacha serikali ya kaunti na kuingia ya kitaifa, na ule mpasuko tulioukwepa humngoja mlangoni mwa Gredi ya Kwanza. Faili lake, lenye maelezo ya anavyojifunza na yaliyomfaa, ni la kaunti, na mwalimu mkuu wa shule ya msingi halazimiki kulisoma. Kwa hiyo kabla ya mtaalamu wa kwanza kutia saini, idara ya elimu ya kaunti na maafisa wa elimu wa serikali ya kitaifa walioko Lamu wanapaswa kuwa na makubaliano ya maandishi kuhusu mambo mawili: kwamba faili litamfuata mtoto na kukabidhiwa mwalimu wake wa darasa kabla ya shule kufunguliwa Januari, na kwamba mtaalamu ataruhusiwa kuingia darasani humo angalau muhula wa kwanza. Makubaliano ya namna hiyo hayahitaji bajeti wala sheria mpya, na yanaweza kuandikwa hata kabla mtaalamu hajapatikana.